Ndege Mwenye Nyota Tatu



Mhariri wetu ametuomba mara nyingi, sisi tuliofundisha, tuandike habari za viumbe tuwaonao karibu na makao yetu, ili watoto wasome jioni pamoja na wazazi wao. Mimi nalikaa kimya muda mrefu. Si kwamba sikuwa na la kuandika, bali kiumbe nimjuaye kuliko wengine, habari yake haiwezi kutengwa na kosa langu mwenyewe. Sasa yule niliyemkosea amenipa ruhusa, tena ameniagiza niandike, basi naandika.

Mimi si mzaliwa wa Arusha. Nalizaliwa katika nchi kavu ya Singida, penye majabali na miiba, na ndege niliowajua utotoni ni wale wa mahali peupe: kanga, kwale, njiwa, kunguru, na mwewe aibaye vifaranga. Nalipoletwa kufundisha hapa Kijenge, yapata miaka thelathini sasa, naliuona mlima Meru kila asubuhi juu ya mabati ya nyumba, na msitu wake mweusi umeuzunguka kama blanketi mabegani mwa mzee. Walakini sikuingia ndani yake. Mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, ana shamba dogo la mahindi, ana watoto wake. Tena nalidhani, kama wengi wetu tudhanivyo, kwamba mtu aliyesoma amekwisha kuujua msitu kwa kuutazama kutoka dirishani.

Siku moja naliwapa watoto wa darasa la nne insha, na jina lake lilikuwa Ndege Nimjuaye. Wengi waliandika habari za kuku. Wengine waliandika habari za kunguru, na mmoja akaandika habari za bata wa jirani aliyemng'ata mguu, nayo ilikuwa insha nzuri. Lakini alikuwapo kijana mmoja ambaye likizo zake zote alikaa kwa bibi yake, juu ya Nkoaranga, mahali ambapo migomba na kahawa hukoma na msitu huanza. Huyu aliandika ukurasa mmoja na nusu, naye kwa kawaida alikuwa mtoto wa mistari mitano.

Aliandika kwamba yuko ndege mdogo msituni, kichwa chake ni rangi ya wingu la mvua, mgongo wake ni kijani, na tumbo lake ni manjano kama kiini cha yai. Ndege huyu ana nyota tatu nyeupe, mbili mbele ya macho na moja chini ya koo. Akikasirika huzifungua, na hasira ikimtoka huzifunga, nazo hazionekani tena. Nyumba yake huijenga chini, na nyumba ina paa. Huwafuata siafu wala hawamdhuru. Na mtoto wake hafanani naye hata kidogo, maana mtoto ni mweusi mwenye madoa ya manjano mwili mzima, kama kanga aliyepakwa rangi.

Nalimwita mbele ya darasa. Nikaisoma insha yake kwa sauti, tena kwa mzaha, nikauliza, "Ni ndege gani huyu afunguaye nyota na kuzifunga kama madirisha? Na tangu lini njiwa akazaa kanga?" Watoto wakacheka. Yeye akajibu kwa adabu, "Mwalimu, nimemwona." Nikamwambia, "Sema kwamba umeota." Akanyamaza. Nikamwambia mara ya pili, naye akasema, "Nimemwona kwa bibi." Nikampiga viboko viwili, si kwa ajili ya ndege, bali, kama nilivyojisemea moyoni, kwa ajili ya ukaidi. Kisha nikamwamuru aandike upya habari za kuku. Akaandika. Kuku ana miguu miwili, kuku hutaga mayai, nyama ya kuku ni tamu. Nikampa alama nane katika kumi.

Nalimfundisha hata akamaliza darasa la saba. Miaka ile yote aliandika kila nililomwagiza, kwa mwandiko safi, bila makosa mengi, wala sikukuta tena katika daftari lake neno hata moja alilolileta kutoka kwao. Nami nalimwandikia mzazi wake kwamba mtoto sasa ametulia, ana bidii.

Mambo yale naliyasahau. Ndivyo ilivyo: mpigaji husahau kabla ya jioni. Nikastaafu, nikafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, nikawa mzee wa kuketi barazani. Hata mwaka mmoja vijana wa usharika wetu wakapanga kwenda kutembea katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wakanialika niwe mzee wao wa safari, nafikiri kwa ajili ya kuwatuliza wazazi wa wasichana. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Kwa gari haiko mbali na Kijenge. Naliishi karibu nayo miaka zaidi ya ishirini, na siku ile ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kupita lango lake.

Tuliingia kwa upande wa Momella, tukapewa askari mwenye bunduki, maana nyati ni wengi na hawana subira. Tukapanda polepole kuelekea ule mti mkubwa uliofanya tao juu ya njia, ambao watu husema gari laweza kupita chini yake. Msituni mle kuna baridi hata jua likiwa juu. Miti imevaa kuvu na majani ya kutambaa, maji yanadondoka bila mvua, na mtu husikia ndege kumi kabla hajamwona mmoja. Kabla hatujaufikia mti ule, askari akainua mkono. Siafu walikuwa wakikata njia, mstari mweusi mpana kama mkanda, na pembeni ya mstari wengine wametawanyika kila upande wakiwinda. Vijana wetu wawili walikuwa wamekwisha kuingia kati yao, wakaanza kuruka na kujipiga miguuni, na wenzao wakacheka hata machozi yakawatoka. Kwa hiyo hakuna aliyetazama nilikotazama mimi.

Juu ya mzizi, kiasi cha hatua sita, alikaa ndege mdogo. Kichwa chake kilikuwa rangi ya wingu la mvua. Tumbo lake lilikuwa manjano. Alikaa kimya, amesimama wima, jicho lake kubwa jeusi likitazama chini, kisha akashuka ghafula, akanyakua panzi aliyekuwa akiwakimbia siafu, akarudi mzizini. Aliporuka mkia wake ulifunguka, nao ulikuwa manjano pande zote mbili, na mweusi katikati na nchani. Mara akatokea wa pili wa namna yake kwenye tawi la chini. Yule wa kwanza akajinyosha, akainua kichwa, na pale chini ya koo pakatokea doa jeupe pe, na mbele ya macho mawili mengine, kama mtu aliyewasha taa tatu. Wa pili akaenda zake. Taa zikazimika. Nalikaza macho, sikuona ila manyoya ya kijivu.

Nikaketi juu ya jiwe. Askari akadhani ni moyo, akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia, "La, baba. Nimeona kitu ambacho nalimpiga mtoto kwa ajili yake." Hakunielewa, lakini alikuwa mtu mpole. Katika mfuko wake alikuwa na kitabu cha ndege, akakifungua, akanionyesha picha. Palikuwa na ndege wangu mwenye nyota tatu, na kando yake, katika mstari uleule, palikuwa na mtoto wake. Mtoto alikuwa mweusi mwenye madoa ya manjano mwili mzima.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya ndege huyu, nami nitawaeleza, kwa maana ni jirani yetu na wengi wetu hatumjui. Kwa Kiswahili jamaa yake huitwa kurumbiza. Binamu yake mwenye nyusi nyeupe mnamjua, yule aimbaye alfajiri katika michongoma ya bustani za mjini, mwenye sauti kubwa ya kuamsha nyumba nzima. Huyu wa nyota si mwimbaji wa namna hiyo. Sauti yake ni mluzi mwembamba, laini, wa kurudiwarudiwa, na mara nyingi huitoa akiwa amejificha, hata usijue umetoka wapi. Urefu wake ni kama sentimeta 15 au 16, na uzito wake hauzidi sana gramu 20, yaani kama kijiko kimoja kikubwa cha sukari kilichojazwa vema.

Wenye elimu ya ndege humwita kwa Kilatini Pogonocichla stellata, na neno lile la pili maana yake ni mwenye nyota. Jina hilo la nyota alipewa mwaka 1818 na Mfaransa mmoja, Vieillot, kwa ajili ya ndege waliotoka Afrika ya Kusini. Hebu fikirini jambo hilo. Kijana wangu wa darasa la nne alipotafuta neno la kumweleza ndege wake, alichagua neno lilelile alilolichagua mtaalamu wa Paris karibu miaka mia mbili kabla yake, wala hakuna aliyemfundisha. Mtaalamu yule jina lake limo vitabuni hata leo. Kijana wangu alipata viboko viwili.

Makao yake ni misitu ya milimani, tangu kusini ya Sudan Kusini, Uganda na Kenya, kupitia mashariki ya Kongo, Rwanda, Burundi na nchi yetu, hata Malawi, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Lakini msifikiri nchi hiyo yote ni yake. Yeye hukaa mlimani penye kivuli na unyevu, na kati ya mlima na mlima ni nyika, ambayo kwake ni kama bahari. Meru ni kisiwa, Kilimanjaro ni kisiwa, Usambara ni kisiwa. Kwa sababu hiyo ndege wa mlima mmoja wamekuwa tofauti kidogo na ndege wa mlima mwingine, hata wataalamu wamewagawa katika makabila zaidi ya kumi. Huko kusini kabisa, penye baridi, hushuka mpaka misitu ya pwani. Tena imejulikana katika Usambara ya Mashariki kwamba baadhi yao huteremka miezi ya baridi na kupanda tena joto lirudipo, kama wafugaji wahamao na malisho.

Chakula chake hasa ni wadudu: mende wa msituni, nondo, viwavi, sisimizi, buibui, na matunda madogo pia. Huwaokota chini katika majani makavu, au huwadaka wakiruka. Ama siafu, hawafuati kwa kuwapenda siafu wenyewe. Siafu wakipita, kila mdudu aliyejificha chini ya majani hutoka mbio ili aokoe roho yake, naye ndege huketi pembeni akimngoja, kama mtu aketiye kando ya shamba linalochomwa moto akisubiri panya. Na siafu hawamdhuru kwa kuwa hakanyagi katikati yao. Kijana yule alikuwa amesema kweli katika hilo pia.

Nyota zenyewe ni vishungi vidogo vya manyoya meupe ambavyo ndege akiwa ametulia hufunikwa na manyoya ya kijivu. Akigombana na mwenzake kwa ajili ya mahali pake, au akiona hatari, huzitoa nje. Msitu una giza, na kitu cheupe huonekana mbali. Basi, nadhani, mwenye taa iliyofunikwa ana faida kuliko mwenye taa iwakayo siku zote, kwa maana huonekana na adui yake apendapo tu.

Na mtoto mwenye madoa ni jambo la kawaida katika jamaa hii ya ndege. Atokapo kiotani huwa amevaa vazi lile la madoa, na akikaa juu ya majani makavu, jua likipenya matawini na kutupa vipande vya nuru chini, hata mama yake, nafikiri, humtafuta kwa sauti. Baadaye hulivua na kuvaa la wazazi wake. Katika baadhi ya milima hulipita kwanza vazi la kati, la kijani, nalo huweza kukaa nalo mwaka mzima au zaidi. Mtu akiwaona watatu mbalimbali, baba, kijana na mtoto, asiyekaa msituni atasema ni ndege watatu.

Lakini mambo haya nimeyataja mapema. Turudi Kijenge.

Naliporudi nyumbani jioni ile sikula. Mama watoto akaniuliza, nikamweleza, naye akasema neno moja tu, "Mtafute." Nalidhani amekwenda mbali. Kumbe ana karakana ya kutengeneza pikipiki hapahapa Kijenge, si mbali na mto, nami nalikuwa nimepita mbele yake mara nyingi nikienda sokoni. Nikaenda asubuhi, saa mbili. Alikuwa amechuchumaa na plagi mkononi, mikono myeusi kwa oili, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ndevuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya deni."

Akacheka. "Mwalimu, mwenye madeni ni mimi. Wewe una deni gani?"

Nikamwambia yote: siafu, mzizi, taa tatu, kitabu cha askari. Nikamwambia kwamba alisema kweli na mimi nilimpiga, nami nimekuja kumwomba radhi mbele ya vijana wake wa kazi, maana kosa lilifanyika mbele ya watu. Vijana wale wawili wakaacha kazi, wakawa wanatutazama. Yeye aliendelea kuipangusa ile plagi kwa kitambaa, ingawa ilikuwa imekwisha kuwa safi. Kisha akasema, "Mwalimu, fimbo siikumbuki. Wakati ule tulipigwa kila siku. Ninalokumbuka ni ulipowaambia wachekee kule nyuma nao, kwa kuwa walikuwa hawajasikia."

Sikumbuki kuyasema maneno hayo. Nikataka kujitetea, na ulimi ukawa tayari. Lakini yeye ndiye aliyekuwa chini ya kicheko kile, na mimi nalikuwa juu yake; na ni nani kati yetu angekumbuka vizuri zaidi? Nikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu. Mwisho akawaambia vijana wake waniletee kiti, nao wakanipa ndoo iliyopinduliwa, nikaketi.

Ndipo alipoanza kunieleza, na akasema kwa muda wa saa nzima, na mteja mmoja akaja na kuondoka. Alisema kwamba juu ya shamba la bibi yake palikuwa na mfereji wa maji, na juu ya mfereji ukingo wa udongo wenye majani, na msitu huanzia hapo. Kiota kilikuwa katika ukingo ule, chini ya mzizi, kimejengwa kwa majani makavu, kuvu na nyuzi za mizizi, kina paa na mlango wa ubavuni, mfano wa tanuri ndogo. Mtu aliyesimama hatua mbili hakuona ila takataka za msituni. Yeye alikiona kwa sababu alikuwa amelala kifudifudi akinywa maji mferejini, na ndege akatoka karibu na uso wake.

Palikuwa na mayai mawili. Bibi yake alimkataza asiyaguse, akamwambia kama anataka kujua kitu na ahesabu. Basi kila siku alitia kokoto moja katika kopo. Tangu jike alipoanza kulala juu ya mayai hata yakaanguliwa, kokoto zilikuwa 17. Tangu kuanguliwa hata watoto wakatoka kiotani, zilikuwa 14. Aliyelalia mayai ni jike peke yake, lakini kulisha walilisha wote wawili. Alijuaje jike na dume, na wote wana rangi moja? Nalimwuliza hivyo, kwa sauti ya mwalimu, Mungu anisamehe. Akajibu bila kukasirika kwamba jike lilikuwa limepungukiwa na unyoya mmoja wa mkia, nalo ndilo alilolikuta ndani kila alipochungulia, na yule mwenye mkia kamili hakumkuta ndani hata siku moja.

Nalikwenda nyumbani nikafungua vitabu. Vitabu vinasema jike hulalia peke yake, siku 16 mpaka 18. Vinasema watoto hukaa kiotani siku 13 mpaka 15. Mtoto wa miaka kumi, mwenye kopo la kokoto, alikuwa ameyapata haya yote, na alikuwa tayari kuniandikia, kama ningalimwacha afike ukurasa wa pili.

Akanieleza na jambo jingine. Likizo nyingine alikuta katika ukingo uleule kiota kipya, na ndani yake mtoto mmoja tu, mkubwa, amejaza nyumba yote hata paa limepasuka, na ndege wawili wadogo wenye nyota wanamlisha bila kupumzika. Yeye alitaka kumtoa. Bibi akamwambia, "Mwache. Huyo ni wa kekeo." Nami vitabuni nimeona kwamba ndivyo hasa. Kekeo mwenye kifua chekundu, yule aliaye sauti tatu zenye kushuka mvua zikaribiapo, hutaga katika viota vya wengine, na kurumbiza wetu huyu ni mmoja wa wale awapao mzigo. Mtoto wa kekeo akianguliwa huwasukuma wenziwe nje angali kipofu. Nalimwuliza kama alimchukia. Akasema alimchukia siku mbili, halafu akachoka, maana wale wazazi hawakuonyesha kwamba wamekosewa na mtu.

Nalimwomba aiandike upya ile insha ya darasa la nne, nami ningeipeleka kwa mhariri kwa jina lake. Akakataa kabisa. Akasema, "Andika wewe, Mwalimu. Mimi nitasahihisha."

Kabla ya kuandika twalipanda pamoja mpaka Nkoaranga, yeye akiendesha pikipiki na mimi nyuma nimeshika kiuno chake kama mtoto. Bibi amekwisha kufariki siku nyingi, na shamba liko kwa baba mdogo. Mfereji ungali unapita, lakini ukingo ulibomoka mvua fulani, na mahali pake wamepanda majani ya ng'ombe. Msitu umerudi nyuma kidogo, si sana. Yeye alitembea mbele yangu hata akasimama, akaweka mkono hewani kwenye kimo cha goti, akasema, "Ilikuwa hapa." Hapakuwa na kitu. Tukakaa pale muda, tukisikiliza. Juu yetu, ndani ya giza la miti, palikuwa na mluzi mwembamba wa kurudiwarudiwa. Akainua kidole kunionyesha nisikie, wala hakusema ni nani, akaningoja niseme mimi. Nikasema. Akaitika kwa kichwa.

Karatasi hizi amezisoma usiku, akazirudisha na alama za kalamu nyekundu. Mahali pawili amenikuta na kosa. Nalikuwa nimeandika kwamba mlango wa kiota ulitazama mlimani. Akaandika pembeni kwamba ulitazama mteremko, kwenye maji, nami nimeufuta mstari ule. Tena nalikuwa nimesema mayai matatu, kwa sababu kitabu kimoja husema mawili au matatu; akaandika, "Mawili. Ni mimi niliyeyaona." Juu ya jambo la tatu tungali tukibishana. Mimi nasema nyota ya koo hutangulia kufunguka, na zile za macho hufuata. Yeye anasema ni kinyume, na kwamba mtu aliyeona mara moja tu, tena ameketi juu ya jiwe kwa hofu, asiwe mwepesi kuandika. Mvua zikianza tutapanda tena kutazama.

Mwalimu mstaafu, Kijenge